Kompyuta Zisizoelewana: Mwongozo kwa Anayekwenda Kuzisomea London

Uzamili wa mifumo sambazwa ni elimu ya jambo moja tu. Kompyuta nyingi zimewekwa mbalimbali, zimeunganishwa kwa mtandao usioaminika, zinatakiwa zikubaliane neno moja, nazo hazikubaliani. Ukishalijua hilo umeokoa zaidi ya pauni 30,000, maana ada ya mwaka mmoja ya mwanafunzi wa kigeni pale Imperial au University College London haishuki chini ya hapo, na bado hujanunua koti. Kama hata baada ya kuambiwa hivyo unataka kwenda, basi endelea kusoma.

Leslie Lamport, Mmarekani ambaye jina lake utalitaja mwaka huo kuliko la mama yako, aliwahi kutania mwaka 1987 kwamba mfumo wa namna hii ni ule ambao kompyuta usiyojua hata kama ipo inaweza kuharibika, na ya kwako ikakataa kufanya kazi. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni tangu alfajiri, akafika dirishani akaambiwa "mtandao hakuna, njoo kesho", hahitaji kufafanuliwa. Tatizo ni kwamba London hawatoi alama kwa kuelewa hivyo. Wanataka uelewe kwa herufi za Kigiriki. Kwa hiyo shauri la kwanza, na mengine yote yanatoka humo: ukifika, jifanye hujawahi kuona mtandao ukikatika. Shangaa pamoja na wenzako.

Kabla ya ndege

Mitihani ya somo hili inaanza ukiwa bado nyumbani. Uhamiaji wa Uingereza unataka fedha zako za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Darasani utaambiwa hilo ni sharti la uthabiti. Nyumbani ni kazi ya kumzuia mjomba asikope. Kuna cheti cha kifua kikuu, kuna mtihani wa Kiingereza, kuna ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, na kila ofisi inataka nakala ya hati ambayo ofisi nyingine imeshaiona, na nakala zote zifanane. Ikiwa cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed, pasipoti Mohammed, na cheti cha kuzaliwa Muhamadi, hongera: tayari una tatizo la nakala zisizooana. Dawa yake ni hati ya kiapo, na hakuna profesa atakayekueleza vizuri namna nakala tatu zinavyofanywa kuwa moja kuliko karani anayegonga mhuri kwenye hati hiyo.

Ukiomba ufadhili, wa Chevening au wa Jumuiya ya Madola, utaulizwa masomo yako yatainufaisha vipi nchi yako. Andika M-Pesa. Kila mtu anaandika M-Pesa. Ila kumbuka kwamba Chevening wanataka urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili, kwa hiyo usiahidi kitu ambacho utaaibika kuulizwa mtaani.

Kuchagua chuo

Vyuo ni vingi, na wakala atakuambia vyote ni namba moja. Imperial iko South Kensington, jirani na makumbusho makubwa. Huko, kwenye jengo la Huxley, utakaa na vijana waliokuwa wakishindana hesabu utotoni kwa hiari yao wenyewe.

University College iko Gower Street. Hapo ndipo Peter Kirstein alipoiunganisha Uingereza na ARPANET, mtandao wa Wamarekani uliozaa intaneti, mwaka 1973. Mashine yenyewe ilipotua Heathrow watu wa forodha waliizuia, wakidai ushuru. Ukumbuke hilo siku mzigo wako utakapokwama bandarini Dar es Salaam. Dakika chache kwa miguu kutoka hapo kuna SOAS, ambako Waingereza wanalipa ada ili wafundishwe Kiswahili. Ukichoka na uthibitisho wa hesabu nenda ukawasikilize wakihangaika na ngeli. Inatuliza.

Queen Mary iko mashariki, Mile End Road. George Coulouris na Jean Dollimore walikuwa wakifundisha hapo walipoandika kitabu cha mifumo sambazwa kilichotoka mwaka 1988 na ambacho hadi leo utakikuta kwenye orodha ya vitabu vya kusoma. Coulouris huyohuyo, miaka ya 1970, alitengeneza em, programu ya kuhariri maandishi ambayo mawazo yake Bill Joy wa Berkeley aliyapeleka hadi kwenye vi. Yaani kama umewahi kufungua vi ukashindwa kutoka, lawama zinaanzia Mile End. Mimi ningechagua Queen Mary kwa sababu isiyoandikwa kwenye kijitabu chochote cha chuo: basi namba 25 linapita mlangoni, Whitechapel iko pua na mdomo, samaki, bamia na pilipili zimepangwa kando ya barabara, na nyama ya halali haitafutwi. Wakenya watakuonyesha dukani majani ya kabichi isiyofunga, ambayo yamepewa kazi ya sukuma wiki na hayajalalamika.

Saa

Mapema kabisa utaambiwa kwamba saa haipo. Maana yake ni kwamba kila kompyuta ina saa yake, kila saa inakosea kwa namna yake, na kwa hiyo tukio likiandikwa Frankfurt na jingine Singapore huwezi kuapa lipi lilitangulia. Lamport aliliweka wazi mwaka 1978: achana na saa, angalia nani angeweza kumwathiri nani. Ujumbe hutumwa kabla ya kupokelewa. Hilo tuna hakika nalo. Yaliyobaki hesabu kwa namba tu, kila tukio liongeze moja, na ukipokea ujumbe wenye namba kubwa kuliko yako, ruka uipite.

Wenzako watalichukulia hili kama ufunuo. Wewe unatoka kwa watu ambao simu inasoma 9:00 wao wanasema saa tatu, na hakuna aliyekosa basi. Usiseme. Mama yako anapiga simu saa tatu usiku, wewe unaipokea saa kumi na mbili jioni, na ikifika mwisho wa Machi unaanza kuipokea saa moja, kwa sababu Waingereza wamesogeza saa zao mbele, na Mama atauliza ni nani aliyewapa ruhusa. Ni swali zuri kuliko mengi utakayoyasikia kwenye semina. Jumapili ya mwisho ya Oktoba ikifika saa nane usiku wanairudisha iwe saa saba, kwa hiyo saa nzima inatokea mara mbili, na kumbukumbu za programu iliyoandikwa kivivu zinaonyesha jibu limefika kabla ya swali.

Nenda Greenwich, lakini usiishie kupiga picha umeweka mguu mmoja mashariki na mwingine magharibi ya dunia. Anayestahili safari yako ni Ruth Belville. Kuanzia 1892 hadi 1940 bibi huyu alikuwa akipanda hadi kwenye kituo cha kutazamia nyota na saa yake ya mfukoni, kazi ya fundi John Arnold, anailinganisha na saa kuu ya pale, anapewa cheti kinachosema saa yake imepotoka kiasi gani, kisha anashuka na kuzunguka London akiuza wakati. Wenye maduka ya saa wanaitazama, wanasahihisha za kwao, wanalipa, anakwenda kwa mwingine. Baba yake aliianzisha biashara hiyo mwaka 1836, na mama yake akaiendeleza. Telegrafu ilikuja, redio ikaja, simu ya kutaja saa ikaja mwaka 1936, bibi anatembea tu, mpaka vita na umri wa zaidi ya miaka 80 vilipomkalisha. Google walipoeleza mwaka 2012 hifadhidata yao ya Spanner, inayopata wakati kwa saa za atomiki na GPS, kiini chake kilikuwa hikihiki: saa haikwambii wakati, inakwambia wakati pamoja na kiasi cha kukosea, na ukiwa na shaka subiri hadi shaka ipite. Cheti cha Bi Belville kilikuwa kikisema hivyo, na hakikuhitaji umeme.

Makubaliano, au kwa nini utasema unaipenda Paxos

Mapema iwezekanavyo tangaza kwamba unaipenda Paxos. Hakuna atakayekuhoji, kwa kuwa anayehoji atalazimika kuieleza.

Paxos ni njia ya kuzifanya kompyuta zikubaliane hata baadhi yake zikizimika. Lamport aliipeleka jaridani mwaka 1990 akiwa ameivika hadithi ya mwanaakiolojia aliyegundua bunge la kisiwa cha Kigiriki, bunge ambalo wabunge wake wanaingia na kutoka wapendavyo. Kwenye mihadhara alikuwa hata akivaa kama mwanaakiolojia wa sinema. Wahakiki walimwambia kazi si mbaya, ila aondoe mzaha. Akakataa. Makala ikatoka mwaka 1998. Mwaka 2001 aliandika nyingine ya kurahisisha, ambayo muhtasari wake ni sentensi moja inayodai kwamba jambo lenyewe ni jepesi sana. Wanafunzi wengi wamelia juu ya sentensi hiyo. Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford wakaleta Raft, iliyobuniwa mahsusi ieleweke, na wakapima: kati ya wanafunzi 43 waliofundishwa zote mbili, 33 walijibu vizuri zaidi maswali ya Raft. Wale kumi waliobaki nadhani ndio wanaotunga mitihani.

Ili usipotee darasani, ondoa bunge la Kigiriki uweke kamati ya harusi. Wajumbe saba. Hawaji wote siku moja, mmoja kazima simu, mwingine anafika watu wanakunja viti, na bado harusi inafanyika Jumamosi. Inawezekanaje? Akidi. Uamuzi wowote unapitishwa na wajumbe wanne au zaidi, na huwezi kuokota makundi mawili ya watu wannewanne kati ya saba yasiwe na mtu wa pamoja. Kwa hiyo kikao cha leo lazima kina mmoja aliyekuwepo jana, na huyo ndiye atakayeinua mkono aseme, "Jamani, ukumbi tulishalipia." Basi. Hiyo ndiyo Paxos, na zilizobaki ni kurasa za uthibitisho.

Sasa chukulia mjumbe mmoja si mzembe bali mwongo: huyu anamwambia ukumbi ni milioni mbili, yule anamwambia milioni tatu, uso mkavu. Lamport, Robert Shostak na Marshall Pease waliandika mwaka 1982 juu ya majenerali wa Bizanti wenye msaliti kati yao, na hesabu yao haina huruma. Kama mnapashana habari kwa mdomo tu, bila saini isiyoghushika, kumvumilia mwongo mmoja kunahitaji wajumbe wanne. Waongo wawili, wajumbe saba. Watatu kwa mmoja hawatoshi, na hakuna ujanja. Nimeona kamati kadhaa za watu watatu, na sina la kuongeza kwenye uthibitisho huo.

Na kabla hujapumua utakutana na Fischer, Lynch na Paterson. Mwaka 1985 watu hawa watatu (Paterson alikuwa Warwick, hapahapa Uingereza) walithibitisha kwamba kama ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo, na kompyuta moja tu ikaweza kuzimika kimya, hakuna njia yoyote inayohakikisha kwamba zilizobaki zitafikia uamuzi. Sababu ni kwamba aliyekufa na anayechelewa wanafanana: wote hawajibu. Usikate tamaa. Mifumo ya dunia inaishi kwa hila. Inaweka muda wa kusubiri, muda ukipita inamhesabu mwenzao marehemu, na akitokea mlangoni inampa taarifa ya yaliyoamuliwa akiwa hayupo.

Kutuma mara ya pili

Hapa itabidi ujizuie hasa, kwa kuwa hapa unajua kuliko mwalimu.

Ijumaa jioni umesimama kituo cha basi, mvua ya London ile isiyonyesha wala kuacha, unamtumia dada yako pauni hamsini Mwanza. Kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Halafu: samahani, kumetokea hitilafu. Je, fedha zimekwenda? Ukituma tena huenda zikafika mara mbili. Usipotuma, huenda hazijaenda kabisa. Unaandika WhatsApp, "Umeiona?" "Bado kaka." Dakika kumi. "Imeingia kaka, asante sana." Sasa ujumbe huo ungepotea, wewe usingejua kwamba amepata. Umefika, lakini yeye hajui kwamba umefika, ndiyo maana unaandika "sawa", naye anarudisha dole gumba, nawe unarudisha mikono ya kuomba, na basi limeshakupita. Vitabuni watu hao wawili wamegeuzwa majenerali wenye adui bondeni katikati yao, na imejulikana tangu miaka ya 1970 kwamba hakuna idadi ya ujumbe itakayowapa hakika kamili.

Kwa kuwa hakika haipatikani, mhandisi anafanya la pili kwa ubora: anahakikisha kwamba ombi lililorudiwa mara kumi linahesabiwa mara moja. Kila ombi linapewa namba yake. Namba ikirudi, mfumo unajibu "hili nimeshalifanya" na hauligusi tena. Linaonekana jambo dogo. Posta ya Uingereza ilionyesha ukubwa wake.

Tangu mwaka 1999 vituo vya posta vya Uingereza viliwekewa mfumo uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, ambao hesabu za kaunta za nchi nzima zilikutana ndani yake. Mfumo ulikuwa na kasoro, na mojawapo, iliyogunduliwa Dalmellington huko Uskoti mwaka 2015, ni somo tupu: skrini inaganda, mtu wa kaunta anabonyeza Enter tena kama ambavyo mimi na wewe tungebonyeza, na kila mbonyezo unaandikisha upya fedha zilezile kwamba zimepokelewa. Hesabu inadai maelfu ya pauni ambayo hayakuwahi kuwepo. Kwa kasoro hiyo na nyingine nyingi, kompyuta iliendelea kutangaza upungufu vituoni, na wenye vituo wakaambiwa walipe au washtakiwe. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na kughushi hesabu. Wengine walifungwa. Wengine walifilisika na kutengwa na majirani waliokuwa wakiwauzia stempu kila siku.

Sasa sikiliza hili. Katika jumba la King's College, pale Strand, mwanafunzi anayeandika "kompyuta imesema hivyo, kwa hiyo ni kweli" anapata sifuri. Umbali mfupi kwenye barabara hiyohiyo ipo Mahakama Kuu, na sheria ya Uingereza kwa miaka yote hiyo ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ionyeshwe vinginevyo. Aionyeshe nani? Mwenye duka la kijiji, ambaye hana hata ruhusa ya kuona kumbukumbu za seva. Jaji alikuja kusema mwaka 2019 kwamba mfumo ule haukuwa wa kuaminika, tarehe 23 Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hatia za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta mamia yaliyobaki. Mama muuza vitenge wa Kariakoo, ambaye hatazami kabisa ujumbe wa muamala unaomwonyesha kwenye simu yako, na hakuachii mfuko mpaka simu yake mwenyewe ilie, angewafaa sana kwenye kesi zile. Yeye hakuhudhuria mhadhara wowote.

Lakini tulikubaliana usiyaseme hayo. Andika tu kwamba programu inapaswa kustahimili marudio. Alama zipo hapo.

Mtandao ukikatika, kinadharia

Mwaka 2000 Eric Brewer alidai, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakathibitisha, kwamba mtandao ukigawanyika vipande viwili lazima uchague: ama ujibu ukijua huenda jibu ni la zamani, ama ukatae kujibu. "Njoo kesho" ni chaguo la pili. Kutakuwa na mwanafunzi mmoja, kwa kawaida anakaa mbele, atakayeuliza kama jambo hilo hutokea kweli siku hizi. Wewe angalia daftari lako. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kaskazini ya Durban, na intaneti ya Tanzania ikaporomoka, Kenya na Uganda zikayumba. Februari ya mwaka huohuo mikongo mingine ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu. Angalia daftari.

Usicheke pia siku watakapokusimulia joto. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze, mitambo ya kupoza ikazidiwa, na vituo vya data vya Google na Oracle vya London vikalazimika kuzimwa kwa sehemu. Hospitali za Guy's na St Thomas' nazo zikapoteza mifumo yao. Ilikuwa Jumanne. Lodwar wangefungua kifungo kimoja cha shati.

Tasnifu

Majira ya kiangazi, jua likichelewa kuzama hadi saa tatu usiku na wenzako wamelala kwenye nyasi za bustani, wewe utakuwa ndani ukiandika tasnifu ya kukabidhi mwisho wa Agosti au Septemba. Chagua tatizo la kampuni yenye seva milioni. Lijaribu kwa seva tatu za kuigiza ndani ya kompyuta yako moja ya mpakato, ambazo haziwezi kupoteza ujumbe hata ukizibembeleza. Kisha andika kwamba matokeo yanatia moyo.

Kwa vyovyote vile usichague mada ya kwenu. Subira ya watahini si ya kuchezewa. Usiandike, kwa mfano, kwamba kulikuwa na wakati barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ya ng'ambo ya barabara ilipanda satelaiti, ikavuka bahari, ikarudi. Kwamba watoa huduma wa Kenya walipounganisha mitandao yao wenyewe kwa kituo cha KIXP, Novemba 2000, Telkom Kenya ililalamika kwamba wanaingilia haki yake ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, kana kwamba Nairobi na Nairobi ni nchi mbili. Kwamba mdhibiti alikifunga mwezi uliofuata na hakikufunguliwa tena hadi 2002. Mtahini atadhani unatunga.

Wala usiguse M-Pesa, ingawa ndiyo uliyowaahidi wafadhili. Ilizinduliwa Kenya Machi 2007, baada ya idara ya misaada ya Uingereza, ofisi zake hapahapa London, kuichangia karibu pauni milioni moja. Kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani, hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mtu wa Gikomba akimlipa muuza nyanya aliyesimama mbele yake, muamala ulikwenda Ulaya, ukaandikwa, ukarudi kupitia kebo za baharini ambazo tumeshasema hazikatiki, na nyanya zilikuwa bado hazijatiwa kwenye mfuko. Mamilioni ya watu walioishia darasa la saba waliutumia mfumo huo kila siku na kubuni wenyewe kanuni za lini kuuamini na lini kuutilia shaka. Kanuni hizo hazijaandikwa vya kutosha popote. Kwa mtu anayetaka mada, hakuna dhahabu kama hiyo, na ndiyo maana nakushauri uandike juu ya Google kama wengine.

Ukimaliza utapata viza ya wahitimu ya miaka miwili, ambayo serikali imeshatangaza kuipunguza iwe miezi 18, kwa hiyo fanya haraka. Kwenye usaili watakukalisha mbele ya ubao na kuuliza swali lao la siku zote: seva ya pili haijibu, utajuaje kama imekufa au inachelewa? Usijibu upesi, utawatia wasiwasi. Tazama dari. Kisha sema kwamba haiwezekani kujua, unachagua muda wa kusubiri na unakubali kwamba mara nyingine utakosea. Watatikisa vichwa kwa kuridhika na kuahidi kukuandikia ndani ya wiki moja. Wiki itapita. Ya pili itapita. Sasa ndipo utakapowaelewa Fischer, Lynch na Paterson kuliko ulivyowaelewa kwenye mtihani. Wahesabu marehemu, omba kwingine, na kama utaamua kuwaandikia tena, tumia namba ileile ya maombi, wasije wakakuhesabu watu wawili.